Chubwi kutoka na makunyanzi wakati wa kipupwe

Kaka, umeuliza kwa nini chubwi zako za mshipi, yaani vile vizito vya kuzamisha ndoano, zinatoka na makunyanzi na tundu halikamiliki tangu baridi hii ya Julai ianze hapo Kigamboni. Risasi, ile metali unayoyeyusha, haina kosa, ni kalibu unalomiminia ndilo limepoa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 hivi. Ukiimimina kwenye chuma cha baridi inaganda kabla haijafika pembeni. Na ule msumari wa kutobolea tundu ndio unaokutesa zaidi, maana ni mwembamba, upepo wa baharini unaupoza ukigeuka tu.

Weka kalibu na msumari kando ya jiko mpaka vipate moto vizuri, na upake msumari masizi ya mshumaa ili uchomoke bila kung'ang'ania. Chubwi tatu nne za mwanzo zitakuwa mbaya, zirudishe kwenye sufuria ya kuyeyushia. Zikianza kung'aa na kingo kali, usisimame, mimina mfululizo.

Ila nakuomba sana: umande. Kalibu lililolala nje lina unyevu, na tone moja la maji chini ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke ghafla, risasi inaruka usoni. Likaushe kabisa, vaa miwani, viatu vya kufunika na suruali ndefu. Yeyushia uwanjani, watoto wakae mbali, sufuria hiyo isirudi jikoni kamwe. Betri za gari usipasue ili kupata risasi, asidi na vumbi lake ni sumu.