Nani analipa, na analipa lini?

Mwanangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Huku Moshi hatujambo, bibi yako anakusalimu sana na anauliza kama baridi ya huko imepungua. Ujumbe wako nimemsomea kwa sauti. Unataka kujua kama digrii ya miaka miwili ya filamu na picha, kwenye hicho chuo cha jamii kilicho jirani na kwa shangazi yako huko Minnesota, Marekani, itakulipa.

Ada umenieleza vizuri. Wastani wa vyuo hivyo vya umma kwa Marekani nzima ni kama dola 4,000 kwa mwaka kwa mkazi, na kwa kuwa una grini kadi, yaani kibali cha kuishi huko moja kwa moja, unaweza kuomba ule msaada wa Pell wa serikali, ambao haurudishwi, na ambao kiwango chake cha juu mwaka wa masomo 2024–25 kilikuwa dola 7,395. Kwa hiyo ada hainikoseshi usingizi. Kinachonikaa rohoni ni yale uliyoyapitia mbiombio mwishoni: kwamba kwa takwimu za kazi za serikali ya Marekani, mpiga picha kwa kawaida huanza kazi na elimu ya sekondari tu, na mhariri wa filamu hutakiwa shahada ya miaka minne. Basi karatasi ya miaka miwili huyu haihitaji, na yule haimtoshi. Tena wapiga picha wengi huko wamejiajiri wenyewe. Ndiyo maana nakuuliza lile swali ambalo wewe na kaka yako mmelisikia tangu mkiwa wadogo: nani analipa, na analipa lini?

Baba yenu, Mungu amrehemu, picha alizijua. Lakini kodi ya kile chumba chetu cha studio pale stendi ililipwa na zile picha ndogo za pasipoti saizi. Januari mtoto anakuja na shati jeupe na fomu ya shule mkononi, mama yake anatoa hela kabla mtoto hajakaa kwenye stuli. Harusi zilituletea sifa. Pasipoti zilileta unga.

Na harusi ya Machame mnaijua, ila nitaisema tena. Ilikuwa Desemba, watu wote wamepanda nyumbani kutoka Dar, kamati ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, vikao tangu Agosti. Tukakubaliana malipo mara tatu: advansi, siku yenyewe, na siku ya kukabidhi mkanda. Advansi wakatoa. Siku ya harusi nilibeba taa ya video tangu kanisani mpaka usiku, waya nauburuta kwenye matope, baba yenu na ile kamera begani hata maji hakunywa. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, alipoingia ukumbini na majani mdomoni, baba yenu alikuwa amekwisha piga goti mbele yake, akamchukua kuanzia pembe, akapanda taratibu mpaka kwenye uso wa bibi harusi anayecheka. Sijaona mtu wa televisheni akifanya vizuri zaidi.

Tulipofuata salio, kamati ilikuwa imeshavunjwa. Mwenyekiti akatuelekeza kwa mweka hazina. Mweka hazina akasema fungu la video lilihamia kwenye vinywaji, tumwone bwana harusi. Bwana harusi akasema yeye alichangiwa tu, bei haijui. Mimi nikasema mkanda hautoki. Baba yenu akautoa, kwa sababu nyanya wa bibi harusi alikuwa mgonjwa na alitaka kuuona. Ile hela hatukuipata mpaka leo, na mweka hazina bado nakutana naye sokoni Mbuyuni, ananiita dada.

Utasema mkanda ule ulituletea ubarikio na harusi nyingine za kule juu. Ni kweli, ulileta. Lakini hao nao walikuja wakitaka bei ya watu wa kwanza, na bei ya watu wa kwanza ilikuwa advansi peke yake. Hapana, mwanangu, sikubali kwamba sifa ni malipo. Ingawa yule nyanya aliuona mkanda, na hilo nalo siwezi kulidharau.

Narudi kwako. Chuo kitakupa kamera ambazo huwezi kuzinunua sasa, mwalimu wa kukusahihisha, na wenzako mtakaoitana kwenye kazi. Hivyo vina thamani. Na krediti zako, yaani hesabu ya masomo uliyofaulu, zikipokelewa zote na chuo kikuu cha miaka minne, utakuwa umeipata nusu ya kwanza kwa bei nafuu, na hata hiyo kazi ya uhariri utaifikia. Lakini usiwaulize wa hapo chuoni kwako. Waulize wa chuo kikuu utakakohamia, wakujibu kwa maandishi, somo kwa somo. Halafu tafuta pasipoti saizi ya huko ni ipi. Shangazi yako anasema mawakala wa nyumba hulipia picha za kila nyumba inayouzwa. Anza na hao, jifunze kuandika ankara, harusi zitakuja.

Unataka niseme nenda au acha. Sisemi. Ulimi unaniwasha, lakini miaka miwili ni yako na baridi hiyo utaitembea wewe. Nitumie orodha ya masomo yote kabla hujajiandikisha. Nataka kuona kama kuna somo la mikataba na hakimiliki, na kama lipo, ni la lazima au la kuchagua. Likiwa la kuchagua, wewe lichague.

Mama yako