Mama mkwe anasema mwanangu karithi akili nzito kwangu, ni kweli?

SWALI: Habari zenu. Mi ni mama wa watoto wawili, niko Songea. Niliishia darasa la saba, mume wangu ana diploma. Binti yetu wa kwanza anafanya vizuri sana shuleni ila mdogo wake wa kiume, miaka 8, yuko la pili na kusoma bado shida, cha ubaoni hamalizi kunakili, nyumbani daftari analisogeza mpaka karibu na pua. Mama mkwe kila wageni wakija anasema maji hufuata mkondo, mtoto wa kiume akili anachukua kwa mama, na hata kwenye simu nimeona watu wanaandika hivohivo, eti kromosomu X. Naumia sana. Ni kweli? (Mama Wawili)

JIBU: Pole sana dada yangu, na hapana, si kweli.

Hiyo habari ya X imeanzia hivi: kromosomu ni vifurushi vinavyobeba jeni, yaani maelekezo ya kurithi, na mtoto wa kiume anapata X kwa mama na Y kwa baba, na kwenye X kuna jeni nyingi ambazo zikiwa na hitilafu zinaleta ulemavu wa akili, sasa mvulana hana X ya pili ya kumsaidia ndo maana wavulana wanaathirika zaidi. Basi watu wakachukua habari ya ugonjwa wakaigeuza kuwa akili zote zinatoka kwa mama. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa watu kama milioni 1.1 kuhusu jeni na miaka ambayo mtu amesoma shule, zikaonekana sehemu 1,271 zinazohusika, zimetapakaa kwenye kromosomu mbalimbali, na kila moja mchango wake ni kiduchu mno. Na karibu nusu ya jeni za mtoto ni za baba yake, mama mkwe asilisahau hilo.

Kurithi kupo, sikudanganyi. Pacha wa kufanana hata wakilelewa nyumba tofauti matokeo yao ya vipimo vya akili yanakaribiana sana. Lakini kurithi ni kama kuchanga karata, kila mimba zinachanganywa upya, ndugu wa baba mmoja mama mmoja wanafanana jeni zile zinazotofautiana kati ya watu kwa wastani wa nusu tu. Huyo binti anayefanya vizuri si wewe huyohuyo uliyemzaa?

Afu mazingira yana nguvu ambayo watu wengi hawaijui. Kule Embu, Kenya, watafiti walipima akili za watoto wa vijijini mwaka 1984, wakarudi kupima wengine 1998, na hao wa pili walikuwa juu kwa tofauti kubwa tu. Miaka 14 jeni za watu haziwezi kubadilika, kilichobadilika ni chakula, wazazi kujua kusoma, na idadi ya watoto ndani ya nyumba. Huko kwetu Nyanda za Juu Kusini wazee wanakumbuka rovu, ule uvimbe wa shingoni, lilivyokuwa limejaa kwa upungufu wa madini joto, na mama mjamzito akiyakosa hayo madini ubongo wa mtoto tumboni unaumia hata kama ukoo mzima ni maprofesa. Kwa hiyo chumvi yenye madini joto isikosekane jikoni.

Na darasa la saba lako halisemi chochote kuhusu akili yako, wangapi tumewaona wameachia hapo kwa sababu ya ada tu.

Ila dada, barua yako nimeirudia mara tatu kwa ajili ya kitu kimoja, hilo daftari puani. Mtoto asiyemaliza kunakili cha ubaoni na anasoma kwa kuinamia hivyo, kabla ya kuongea habari ya akili mi nataka macho yake yapimwe. Mpeleke kliniki ya macho hospitali ya mkoa wiki hii, na masikio wayaangalie hapohapo. Nenda na baba yake, asikie mwenyewe kwa daktari ili akaongee na mama yake yeye, huo mzigo si wako. Mkiwa mnasubiri, mwombe mwalimu amkalishe dawati la mbele kabisa. Majibu yakitoka niandikie tena.