Spana ya babu iliyoandikwa King Dick 1/4 W

Sheikh, hiyo spana ya sanduku la marehemu babu yako hapo Chake Chake ni ya kampuni ya Abingdon ya Birmingham, Uingereza. King Dick ndiyo chapa yao, nembo yake mbwa. Hiyo W ni Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza cha boliti na nati. 1/4 ni unene wa boliti kwa inchi, si upana wa mdomo! Pima mdomo utapata kama milimita 13.3, ndiyo maana kwenye nati zake spana ya 13 haiingii na ya 14 inacheza. Spana kama hizi zilifungulia magari ya Kiingereza ya zamani, Morris na Bedford. Kutu itoe kwa mafuta ya taa na brashi. Msasa usiuguse, utakula maandishi, na hapo mnunuzi atakupa bei ya chuma chakavu.