King Kong ya 2005: sokwe safi, filamu ndefu

Yakhe, umeuliza kama King Kong ya Peter Jackson imeifikia ile ya 1933. Kwa sokwe mwenyewe, imeipita. Andy Serkis, aliyemwigiza, kampa macho yenye huzuni, na pale anapoteleza kwenye barafu na mwigizaji Naomi Watts hata mabarobaro wa Kisauni hunyamaza. Lakini saa 3 na dakika 7! Ile ya kwanza yamaliza kazi kwa dakika 100. Hapa wangoja zaidi ya saa nzima kumwona Kong, watu wako melini wapiga soga tu, utadhani feri ya Likoni imezimika katikati ya maji. Oskari 3 za madoido ya picha na sauti ilizistahili. Wewe rukia hadi meli ifikapo kisiwani kwa Kong, uanzie hapo.