Mkuu, zuia hilo greda kwanza

Kabla ya kuuliza mimea ya asili inauzwa wapi na inataka mbolea gani, piga simu greda lisije Jumamosi. Umeandika una kiwanja Mapinga, pori bado limesimama, unataka likwanguliwe lote, halafu ununue maua ya asili yanayodumu mwaka hadi mwaka uyapande mbele ya nyumba. Mkuu, unalipa watu wakuondolee kile kile unachotaka kwenda kukinunua!

Naandika kwa uchungu kwa sababu mimi nimeshafanya hivyo huku Kibaha. Dalali ndiye aliyenijaza maneno: kiwanja chenye pori kitavamiwa, safisha ionekane kina mwenyewe. Ilikuwa kiangazi, nyasi zimekauka, nikaona vichaka tu. Greda likakwangua udongo wote wa juu na kuusukuma kwenye kona. Huku kwetu pwani tabaka lile la juu ni jembamba, chini yake ni mchanga. Masika ilipoanguka, katikati ya kiwanja pakachimbika makorongo, na lile rundo la kona likaanza kutoa maua. Scadoxus zilikuwa zimechomoza ubavuni mwa rundo, yale maua mekundu ya duara kama mpira, nyingine zimelala upande, kitunguu chake kimekatwa nusu na kisu cha greda. Gloriosa nazo, yale maua yanayopanda kwa kujishikiza, zilikuwa zinatafuta pa kushika kwa vile vikono vilivyo kwenye ncha za majani, na pa kushika hapakuwepo.

Hapo ndipo wengi tunapoponzwa. Mimea hii kiangazi hulala chini, kitunguu au kiazi, juu huoni hata jani. Ukisafisha Januari au Februari unadhani unaondoa majani makavu, kumbe unang'oa bustani nzima.

Basi nikaenda kwenye miche ya barabarani nikaomba vya kienyeji. Yule bwana akaniuzia mwarobaini na mjohoro, uso mkavu kabisa! Mwarobaini ni wa Bara Hindi, mjohoro ni wa kusini-mashariki mwa Asia. Kuikuta kila shule na kila zahanati hakuifanyi kuwa ya hapa. Na pale palipobaki wazi ikaingia lantana, kile kichaka kivamizi, nayo asili yake Amerika. Ndege wanakula tunda lake na kulisambaza, na ardhi iliyokwanguliwa ndiyo inayoifaa. Mpaka leo nang'oa.

Kwa hiyo shika hili moja: usiguse ardhi mpaka masika moja ipite juu yake. Hofu ya kuvamiwa inatulizwa na bikoni (alama za mipaka ya kiwanja), nguzo na seng'enge. Mwite kijana wa panga afyeke nyasi, visiki aviache. Kama kuna mpingo, utachipua kwenye kisiki na hata kwenye mizizi, na mti ule unakua polepole mno, mche wa kununua hautakupa kivuli karibuni. Mvua zikianza, pita na vijiti, kila kinachotoa ua kichomekee kijiti. Vile vitakavyoangukia kwenye msingi wa nyumba, subiri majani yakauke, chimba na bonge lake la udongo, hamishia mbele ya nyumba. Bustani yako ndiyo hiyo. Greda lipite kwenye msingi na njia ya gari, basi.

Wanaosema nafuga pori waje mwezi wa nne waone. Nyoka? Fyeka fupi kuzunguka nyumba, mbali kidogo acha. Ila gloriosa ina sumu mmea mzima, kiazi ndiyo zaidi, kwa hiyo iweke mbali na watoto na mbuzi, na nawa mikono ukishaihamisha.

Mwenye greda akilalamika umemharibia siku, mpe hela ya mafuta. Ni ndogo kuliko ya lori za udongo mweusi utakazokuja kununua.