Mchungaji aliyewekewa mikono na wazee, bila askofu: ni halali?

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzee wa kanisa la Kipresbiteri. Rafiki yangu Mwanglikana anasema kanisa lao, tangu Matengenezo (mageuzi ya kanisa ya karne ya 16), halijawahi kumtambua mchungaji asiyewekewa mikono na askofu. Ni kweli?

JIBU: Mzee, rafiki yako ameichukua hali ya baada ya 1662 akaifanya ya tangu mwanzo. Mwaka 1582 Mskoti John Morrison, aliyepata uchungaji kwa sinodi (baraza la kanisa) bila askofu, alipewa kibali cha kuhubiri na kutoa sakramenti katika jimbo zima la Canterbury. Ni kweli pia kwamba Walter Travers, aliyewekewa mikono Antwerp bila askofu, alinyamazishwa 1586, na uchungaji wake huo ulikuwa mojawapo ya sababu. Msimamo haukuwa mmoja.

Kesi ninayowapa wanafunzi kwanza ni ya Oktoba 1610. Mfalme James alitaka Scotland iwe tena na maaskofu kamili, akawaita London John Spottiswoode na wenzake wawili wawekwe wakfu kuwa maaskofu. Lancelot Andrewes, askofu wa Ely, akapinga: hawa hawakuwekewa mikono na askofu yeyote, basi wafanywe makasisi kwanza. Askofu Mkuu wa Canterbury, Richard Bancroft, akamjibu kwamba hakuna haja. Pasipopatikana maaskofu, daraja (yaani cheo cha uchungaji) iliyotolewa na wazee ihesabiwe halali. La sivyo, wito wa wachungaji katika makanisa mengi ya Matengenezo utatiliwa shaka. Andrewes akaridhika. Na Bancroft huyo alikuwa amewapiga vita Wapresbiteri miaka mingi!

Ila jibu lake lilisimama juu ya dharura, na hapo ndipo penye fundo. Wapresbiteri hawakuomba kuhurumiwa kwa kukosa maaskofu. Walisema askofu na mzee ni huduma moja katika Tito 1:5-7, na Timotheo mwenyewe alipata karama “kwa kuwekewa mikono ya wazee” (1 Timotheo 4:14).

Mwaka 1661 Waskoti James Sharp na Robert Leighton walifunga safari ileile ya London. Sharp akataja mfano wa 1610, lakini haukumsaidia: Waskoti walikuwa wamewaondoa maaskofu wao 1638 kwa hiari, kwa hiyo hoja ya dharura ilikuwa imekufa. Wote wawili wakafanywa mashemasi, kisha makasisi, ndipo wakawa maaskofu. Mwaka uliofuata sheria ya Uingereza ikaweka faini ya pauni 100 kwa yeyote atakayeadhimisha Meza ya Bwana bila daraja ya kiaskofu. Kati ya 1660 na 1662 wachungaji wapatao 2,000 walipoteza nafasi zao, ingawa si wote kwa sababu hii. Mmoja wao, John Howe, alikataa kuwekewa mikono upya, akisema kitu hakiwezi kuwa na mianzo miwili. Mimi naona hakuna aliyeisema hoja ya Wapresbiteri vizuri kuliko yeye.

Mjadala huu ulifika hata kwetu. Juni 1913, kwenye misheni ya Waskoti pale Kikuyu, askofu Peel wa Mombasa aliwashirikisha Meza ya Bwana wamishonari wa madhehebu mengine. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, akamshtaki yeye na askofu Willis wa Uganda kwa uzushi. Mwaka 1915 Askofu Mkuu Davidson wa Canterbury aliruhusu kuwakaribisha wageni hao mezani, lakini hakutaka Waanglikana waende kupokea kwa wachungaji wasiowekewa mikono na askofu.