Wasomaji Wanauliza: Kwa nini polisi hawakumkamata Nelson?

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu filamu za Kijapani za madubwana yametuletea barua nyingi, na sehemu kubwa ya barua hizo inamhusu mtu mmoja tu: Clark Nelson, mfanyabiashara katili wa filamu ya Mothra iliyoongozwa na Ishiro Honda na kutolewa na kampuni ya Toho mwaka 1961. Tumechagua nne kati yake.

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Nimeitazama Mothra pamoja na wanangu. Tulimwona Nelson akiwateka wale wasichana wawili wadogo wa kisiwani, akiwapiga risasi wenyeji, kisha akiwaonyesha wasichana hao jukwaani mjini Tokyo kwa kiingilio. Gazeti linamwandika, wataalamu wanampinga, nchi nzima inajua, lakini hakuna askari anayemtia pingu. Je, huo si udhaifu wa aliyetunga hadithi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu yetu wa Tanga, swali lako limegusa kiini cha filamu yenyewe, kwa hiyo tutalijibu kwa urefu. Tunaamini kwamba jambo unaloliona kuwa udhaifu ndilo ambalo watungaji walikusudia mtazamaji alione na limkere.

Kumbuka mambo yalivyoanza. Meli ya Kijapani inapatwa na tufani karibu na kisiwa cha Infant, ambacho nchi ya kubuni iitwayo Rolisica ilikifanya uwanja wa majaribio ya mabomu ya nyuklia kana kwamba hakikaliwi na mtu. Manusura wanaokolewa wakiwa hawana dalili yoyote ya kudhurika na mionzi, na wanaeleza kwamba wenyeji wa kisiwa ndio waliowanywesha maji ya mmea fulani. Hapo unaundwa msafara wa nchi mbili, Japani na Rolisica, na anayeushikilia usukani ni Nelson. Waandishi wa habari hawaruhusiwi kupanda meli, hata Fukuda, mwandishi anayeigizwa na mchekeshaji Frankie Sakai, analazimika kujipenyeza ndani kwa hila. Tangu dakika hizo za mwanzo tunaona kwamba Nelson hapendi mashahidi.

Msafara unapowakuta wale wasichana, ambao kimo chao hakizidi sana sentimita 30, Nelson anajaribu kumchukua mmoja wao palepale. Wenyeji wanajitokeza wakigonganisha mawe, naye anamwachia. Baadaye anarudi kisiwani na watu wake tu, wanasayansi wakiwa wamebaki Japani, na safari hii anaondoka na wasichana wote wawili baada ya kuwamiminia risasi wenyeji waliojaribu kumzuia.

Mtekaji wa kawaida angejificha. Nelson anachukua ukumbi, anatangaza onyesho, na wasichana wanapitishwa juu ya vichwa vya watazamaji katika kigari kidogo kinachoning'inia kwenye nyaya, kabla ya kufika jukwaani na kuimba. Gazeti la Fukuda linapoandika kwamba wameshikiliwa kinyume cha hiari yao, Nelson anakanusha na kulifungulia gazeti hilo kesi ya kashfa. Ubalozi wa Rolisica nao unamuunga mkono kwa hoja kwamba wasichana hao ni mali yake. Aliyeteka amekuwa mlalamikaji, na waliotekwa wamekuwa bidhaa yenye mwenyewe. Ndiyo maana polisi hawamgusi: kwa mujibu wa karatasi zilizopo, hakuna binadamu aliyeibwa.

Wajapani walioingia kwenye majumba ya sinema mwaka ule hawakuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Mwezi Januari 1957, katika uwanja wa mazoezi ya shabaha wa Somagahara, mkoani Gunma, askari wa Marekani alimuua mwanamke wa Kijapani aliyekuwa akiokota maganda ya risasi ili ayauze kama chuma chakavu. Nchi hizo mbili zilivutana kuhusu mahakama ipi ilikuwa na haki ya kumhukumu. Mwishowe alifikishwa mbele ya mahakama ya Kijapani na kupewa kifungo cha miaka 3 ambacho hakukitumikia, kwa kuwa kiliahirishwa. Mwaka 1960 mamia kwa maelfu ya watu walijaa barabarani kuupinga mkataba mpya wa ulinzi kati ya Japani na Marekani, na Waziri Mkuu Nobusuke Kishi akajiuzulu. Hatusemi kwamba Nelson ni picha ya mtu fulani wa kweli. Tunasema kwamba mtazamaji wa 1961 aliijua vizuri hali ya mtu anayetenda kosa katika nchi ya watu huku akilindwa na ubalozi wake.

Tazama pia uigizaji wenyewe. Jerry Ito, aliyemwigiza Nelson, alizaliwa New York mwaka 1927, baba yake akiwa Michio Ito, msanii mashuhuri wa dansi, na mama yake Mmarekani. Anamfanya Nelson kuwa mtu wa tabasamu, mwenye suti safi na maneno laini, na tabasamu hilo linatisha zaidi ya makelele yoyote ambayo angeweza kupiga. Linganisha na dakika chache ambazo Fukuda na wenzake wanaongea na wasichana hao bila Nelson kuwasikia. Wasichana wanasema wana hakika kwamba Mothra, nondo mkubwa anayekilinda kisiwa chao, atakuja kuwachukua, na kinachowasikitisha ni watu wema wa Tokyo watakaoumia. Waliotekwa wanawahurumia wakaaji wa mji ambamo wametekwa, na hapo hapo mwenye ukumbi anahesabu mapato ya tiketi. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sehemu nzito kuliko zote katika filamu nzima, kuliko hata Mnara wa Tokyo unapovunjwa.

Amri ya kuwaachia wasichana inatoka baada ya Mothra, akiwa bado kiwavi, kufika Tokyo. Nelson anatoroka nao kwenda kwao Rolisica, na ni huko, jiji lake mwenyewe likibomolewa kwa upepo wa mabawa ya Mothra aliyekwisha kugeuka nondo, ndiko polisi wanakomsaka hadi akafa katika mapambano ya risasi. Dola iliyomkingia kifua inamwinda pale tu maovu yake yanapoigharimu.

SWALI: Rolisica ni nchi gani hasa? Na kwa nini filamu ya Kijapani imalizikie katika mji unaofanana na New York? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Jina hilo limeunganishwa kutokana na majina ya Urusi na Marekani, yaani mataifa mawili makubwa yaliyokuwa yakishindana kwa mabomu ya nyuklia. Hata hivyo, kila anayeitazama New Kirk City, jiji la Rolisica katika filamu, pamoja na maghorofa na madaraja yake, anajua ni upande upi uliokusudiwa zaidi. Majaribio ya kisiwani nayo yana mfano wake wa kweli: tarehe 1 Machi 1954 bomu la Marekani lililolipuliwa katika visiwa vya Bikini liliwanyeshea vumbi la mionzi wavuvi 23 wa meli ya Kijapani Daigo Fukuryu Maru, na mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alifariki mwezi Septemba mwaka huohuo.

Hadithi ya msingi iliandikwa na waandishi watatu, Shinichiro Nakamura, Takehiko Fukunaga na Yoshie Hotta, ikachapishwa katika jarida la Shukan Asahi mwezi Januari 1961, kisha Shinichi Sekizawa akaigeuza kuwa mchezo wa filamu. Kuhusu mwisho wake, Toho walikuwa wamepanga Nelson aangamie katika milima ya volkano ya Kyushu, kusini mwa Japani, lakini kampuni ya Kimarekani ya Columbia, iliyokuwa mshirika katika usambazaji, ilitaka madhara yafike katika mji wa nchi ya Magharibi. Sisi tunaona matakwa hayo ya kibiashara yaliifaa hadithi. Nelson angefia Kyushu, Rolisica isingelipa chochote.

SWALI: Wenyeji wa kisiwa cha Infant ni watu gani? Mwanangu aliniuliza kama ni Waafrika, nikakosa jibu. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Mama, mwambie kwamba ni waigizaji wa Kijapani waliopakwa rangi ya kahawia. Kisiwa chenyewe ni cha kubuni na kimewekwa katika bahari ya Pasifiki, na wimbo maarufu wa kumwita Mothra, ulioimbwa na pacha Emi na Yumi Ito waliojulikana kama The Peanuts, una maneno ya Kimalei.

Wasiwasi uliomo katika swali lako una msingi, na hatupendi kuupita juu juu. Filamu inamlaani Nelson kwa kuwafanya watu kuwa tamasha, lakini yenyewe inawaonyesha wenyeji wakicheza na kugonga mawe, bila kumpa hata mmoja wao jina. Japani nayo ilikuwa na historia yake katika jambo hilo: katika maonyesho makubwa ya viwanda yaliyofanyika Osaka mwaka 1903, Waainu (wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Japani), watu wa Okinawa, wenyeji wa Taiwan na wengineo waliwekwa katika banda ili wageni wawatazame, na watu wa Okinawa walilalamika vikali. Tungefurahi zaidi iwapo Honda, ambaye huruma yake kwa wanyonge inaonekana katika kazi nyingi, angewapa watu wa Infant sauti zaidi ya wimbo. Mzee mmoja tu anayekufa kwa risasi za Nelson, akijikokota na kulitaja jina la Mothra, ndiye anayetazamwa kwa karibu, na ni yeye anayeufanya uovu wa Nelson uwe na uso wa mtu aliyeuawa.

SWALI: Je, yuko mwovu mwingine wa kibinadamu katika filamu hizo anayelingana na Nelson? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Wapo, na walio karibu naye zaidi ni wawili wa filamu ya mwaka 1964 inayowakutanisha Mothra na Godzilla, ambayo pia iliandikwa na Sekizawa na kuongozwa na Honda. Yai kubwa la Mothra linaletwa ufukweni na tufani, na Kumayama, anayeigizwa na Yoshifumi Tajima, analinunua kutoka kwa wavuvi kwa bei iliyokadiriwa kwa kulinganisha na mayai ya kuku. Nyuma yake kuna tajiri Torahata, anayeigizwa na Kenji Sahara, ambaye anataka kulijengea yai hilo uwanja wa burudani. Hawa wote ni Wajapani. Hakuna tena ubalozi wa kigeni wa kulaumiwa, na uroho unaooneshwa ni wa Japani iliyokuwa inatajirika kwa kasi. Wanavyomalizana wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya fedha, wakati Godzilla anaonekana dirishani, tunakuachia ukaone.

Dkt. Mafune wa filamu ya Terror of Mechagodzilla ya mwaka 1975 ni wa aina nyingine kabisa, mwanasayansi aliyeharibiwa na dharau za wenzake, na msiba wake unataka jibu la peke yake.

Ikiwa utazitazama filamu hizi mbili, anza na ya 1961. Katika ile ya 1964 wasichana wa kisiwani wanakuja kuomba yai lao lirudishwe, na Torahata anajibu kwa kuuliza kama wao wenyewe wanauzwa. Aliyekwisha kumwona Nelson ndiye atakayeelewa kwa nini wasichana hao, waliowahi kufungiwa na watu kulipishwa kiingilio ili wawatazame, walihitaji ujasiri mkubwa kiasi gani kurudi Japani kuomba kwa adabu.